Uwanja hatua kumi na nne kwa tisa, jiwe katikati: naomba mawazo ya sehemu ya kuchezea watoto

#1 BintiNyasaka

Habari za jioni wana jukwaa. Kabla hamjaniambia "tafuta, uzi kama huu ulishaletwa", nimetafuta. Nilichokuta ni picha za Ulaya zenye nyasi kama zulia la sebuleni.

Niko Nyasaka, upande wa mlimani. Nina kituo kidogo cha kulelea watoto mchana, wa miaka miwili hadi minne. Wako kumi na tisa, na walezi tuko watatu pamoja na mimi. Ndani tuko vizuri: mikeka, vitabu, choo cha saizi yao. Tabu ni nje. Uwanja nimeupima kwa hatua, kumi na nne kwa tisa, unateremka kuelekea barabarani, na katikati limekaa jiwe. Wenyeji wa Mwanza mnanielewa, nikisema jiwe sio lile la kusugulia miguu. Hili ni kama Hiace iliyozama nusu ardhini. Kona ya chini kuna mwembe, kivuli chake hakilifikii jiwe mpaka saa tisa alasiri.

Mpango wangu ulikuwa hivi. Vijana wa kokoto walichome moto, walipasue, waondoke nalo. Tulikubaliana na advansi ya elfu themanini nimeshatoa. Halafu nimwage zege uwanja mzima ili vumbi liishe. Halafu bembea na mtelezo. Fundi mmoja kanitajia laki nane na nusu kwa bembea ya viti vinne na mtelezo wa bati. Mwenye vile vya plastiki vya kutoka nje kanitajia bei ambayo nikiiandika hapa mume wangu ataiona.

Sasa jana vijana wa nyundo wamechelewa. Nikawaacha watoto nje kwenye saa nne kasorobo, jua bado halijawa kali. Kuna mmoja, miaka mitatu bado hajafikisha, mtoto wa maneno machache sana. Alipanda upande wenye mteremko akalala kifudifudi, shavu juu ya jiwe. Mbele yake kama urefu wa mkono kuna mjusi, hawa wetu wa miambani, kichwa chekundu mwili bluu. Mjusi anapiga pushapu. Mtoto naye anapiga pushapu. Mjusi anasimama, mtoto anasimama. Waliendelea hivyo mpaka nikasahau kwamba chai ya saa nne iko jikoni.

Vijana wakafika na nyundo zao, nikawaambia warudi Jumatatu.

Swali langu: nilipasue au nisilipasue? Na kama nisilipasue, uwanja wa namna hii unafanywa nini?

#2 mkaa_pembeni

Nimeshakaa siti ya mbele. Wenye ujuzi wapite.

#3 BabaKiseke

Kuhusu plastiki nikupe ushuhuda dada yangu. Nilimnunulia mwanangu mtelezo wa plastiki, mwekundu na njano, mtaa mzima ukaja kushangaa. Jua la hapa likaula. Mwaka wa kwanza ukapauka, wa pili ukapasuka ufa mrefu kama wa nywele, mtoto akipita ufa unafunguka, akishamaliza unafunga. Siku moja ulimbana ngozi ya paja. Sasa hivi umelala nyuma ya banda la kuku, na kuku nao hawautaki.

Wa bati sijajaribu, ila saa sita mchana nadhani unaweza kukaushia dagaa.

#4 Ngosha_wa_Magu

Mayu, jiwe ni mali hilo. Pasua, kokoto uza, hela nunua bembea, chenji kunywa soda. Mnapenda kujichelewesha kwa ajili ya mjusi.

#5 FundiCheche

Mimi ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo haya nayasema kinyume na tumbo langu.

Dada, hizo bembea za viti vinne kwenye fremu moja ndizo tunazotengeneza sana kwa sababu ndizo zinazoagizwa, na ndizo zinazorudi kwangu zikiwa na damu. Mtoto wa kiti cha tatu hawezi kutoka bila kupita mbele ya wa nne. Fremu moja viti viwili, basi.

Halafu piga hesabu ya nafasi. Bembea ikining'inia kwenye bomba la juu la mita 1.8, inataka uwazi wa mara mbili ya hapo mbele, na mara mbili nyuma. Yaani mita 3.6 kwenda na 3.6 kurudi, hakuna kitu, hakuna jiwe, hakuna mtoto anayepita. Pembeni nako acha kama mita 1.8. Uwanja wako wa hatua kumi na nne kwa tisa nusu yake imekwenda, watoto wawili wanabembea, kumi na saba wamesimama foleni wanapigana vikumbo. Hapo umelipa laki nane na nusu kununua foleni.

Zege usimwage. Mtoto akianguka kwenye zege kutoka kimo cha kiuno chako, huyo ni wa kukimbizwa hospitali. Chini ya kitu chochote wanachopanda weka mchanga usioshikana, kina kisipungue sentimita 30, na kila wiki uuchimbue kwa reki maana unakanyagwa unakuwa kama barabara. Sio kokoto, wapo watu wanaweka kokoto, sijui wanafikiria nini.

Na hili ndilo muhimu kuliko yote, mwenye fundi amwambie. Kwenye uzio, ngazi, popote penye vyuma vya kusimama, kuna uwazi mbaya. Mtoto anaingiza miguu, kiwiliwili kinapita, kichwa kinakwama, anabaki ananing'inia. Uwazi huo ni kuanzia sentimita 9 mpaka 23. Mimi natembea na kipande cha bomba la maji taka la inchi tatu, kwa nje lina milimita 90. Likipenya mahali, au nabana zaidi, au napanua kichwa chote kipite bila shida. Fundi wako mwambie akuoneshe kipimo chake. Akicheka, tafuta mwingine.

#6 kijana_wa_Igombe

Kwani shida yote ya nini na ziwa tunalo? Wapeleke ufukweni kila Ijumaa, mchanga bure, maji bure, upepo bure. Sisi tumekulia humo.

#7 NesiMstaafu

Kijana wa Igombe, umekulia humo, na nikikupima mkojo leo huenda nikakuta kitu ulichokulia nacho.

Wanangu, kichocho hakina utani. Konokono wadogo wanaokaa kwenye majani ya pembeni mwa maji ndio wanaotoa vijidudu, na huvitoa zaidi jua likiwa limewaka, yaani saa zile zile watoto wanapopenda kuoga. Havihitaji mtoto ameze maji, vinapenya kwenye ngozi kwa dakika chache tu. Unamuona mzima. Baada ya miezi tumbo, damu kwenye choo, uzito hauongezeki, na mama anasema mtoto karogwa. Hapa Mwanza taasisi ya utafiti wa magonjwa, NIMR, imekuwa ikiuchunguza ugonjwa huu miaka mingi, sio hadithi za manesi. Dawa ipo, praziquantel, wanafunzi huwa wanagawiwa shuleni; wa umri wa chekechea mara nyingi hawamo kwenye ile foleni ya shuleni. Ukimtibu akarudi majini, ameupata tena.

Kwa hiyo ziwa walitazame kwa macho. Ila watoto wasinyimwe maji! Maji ndiyo mchezo wa kwanza wa binadamu. Bintinyasaka, weka beseni mbili pana na vikombe, maji ya bomba, yasizidi kina cha kiganja, na mlezi asiondoke pale hata kuitika simu, mtoto mdogo anazama kwenye maji ya kufulia. Kama siku hiyo unategemea maji yaliyochotwa ziwani, yaache kwenye tangi lenye mfuniko siku mbili kamili kabla hayajagusa ngozi ya mtu, vile vijidudu bila mwili wa kuingia vinakufa. Wakimaliza, mwaga yote. Maji yaliyolala usiku kwenye beseni ni ya mbu.

Mchanga. Uliokauka hauna kichocho, wala usiogope hapo. Mwogope paka. Paka akiona mchanga laini anajua Mungu kamjengea choo. Funika usiku kwa turubai au chandarua kizee, na mtu apitishe reki asubuhi kabla hawajaingia.

Matairi, najua mtayaleta, watu wote wanaleta matairi. Yatoboe chini matundu manne matano, bila hivyo kila mvua inakujazia vidimbwi, na yule mbu wa denge anazaliana humo.

Uzio wako ni wa nini? Kama ni minyaa, huku wengine tunaiita manyara, ing'oe yote upande wa watoto. Yale maziwa yake yakiingia jichoni nimeona mtu mzima analia kama mtoto, sasa mtoto atalia kama nani.

#8 BintiNyasaka

Shikamoo mama nesi. Uzio ni minyaa kweli 🙈 Nang'oa.

Na wewe Ngosha, soda nakunywa, jiwe bado lipo.

#9 kijana_wa_Igombe

Mama nesi nimekusikia, kesho naenda kupima. Lakini basi si tuweke viwanja ufukweni pale juu, bila kugusa maji?

#10 MchoraRamani

Kijana, ufukweni penyewe sheria ya mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa, kwa hiyo ukijenga bembea pale ujue siku yoyote inang'olewa. Tuachane nalo.

Nirudi kwa mleta mada. Umeandika "unateremka" kama vile unataja kilema cha mchumba. Mteremko ndio hazina yako ya kwanza, na jiwe ndiyo ya pili.

Mtelezo wa kusimama una hatari mbili: ngazi ya kwenda juu na kimo cha kuanguka. Ukiulaza mtelezo kwenye mteremko wa ardhi, hatari zote mbili zimekufa, kwa sababu mtoto akitoka pembeni anaangukia udongo ulio sentimita ishirini chini yake. Hapo kwenu mafundi wa terazo hawakosekani. Mwambie achimbe mfereji wa mviringo kama nusu bomba, upana mabega ya mtu mzima, kingo zimepanda kiasi cha kiganja, asugue mpaka uso uwe kama sinki, na mwishoni aulaze usawa kabisa kabla haujaisha ili mtoto afike akiwa amepunguza mwendo. Uuelekeze chini ya mwembe. Terazo kwenye kivuli haichomi. Na mwisho wake, dimbwi la mchanga la fundi Cheche.

Tena mwaka 1943, Denmark ikiwa chini ya Wajerumani, mchora bustani mmoja aitwaye Carl Theodor Sørensen alishaona kwamba watoto wanaviacha viwanja vizuri alivyowachorea na kwenda kucheza kwenye mabaki ya ujenzi. Akawafungulia uwanja Emdrup, Copenhagen, hauna bembea ya kung'aa wala nini, una mbao, matofali, matairi, kamba na mtu mzima mmoja wa kuangalia. Baada ya vita Waingereza wakauiga kwenye viwanja vilivyobomolewa na mabomu London. Ninyi mnakatishwa tamaa na jiwe moja.

Kwa hiyo ushauri wangu, hela ya bembea gawa: terazo, mchanga, na rundo la vitu visivyo na kazi maalumu. Magunzi, vibuyu, madumu yaliyokatwa na kupigwa msasa kingo, sufuria zilizotoboka, vipande vya bomba, mbao fupi zilizopigwa randa, kitenge chakavu. Bembea ni bembea tu mpaka Kiyama. Ubao leo ni meza ya kuuzia nyanya, kesho ni bodaboda.

#11 NesiMstaafu

Naongeza kwa mchora ramani: chochote kinachopita ndani ya lile bomba la kadibodi la katikati ya karatasi ya chooni kisiwekwe kwa wa chini ya miaka mitatu. Vizibo vya soda, gololi, kokwa za ukwaju. Wanaweka mdomoni bila kukuuliza.

#12 Mzazi_anayelipa

Mimi nina swali tofauti. Hivi hivi vituo tunalipia mtoto akasome au akachezee matope? Wangu kuna kituo alikuwa anarudi na udongo masikioni. Anaulizwa umejifunza nini leo, anasema "nimepika ugali". Ugali wa udongo! Shule ya jirani wa umri ule ule wanaandika mpaka ishirini.

#13 mkaa_pembeni

Haya, mada imekaa sawa sasa 🍿

#14 MchoraRamani

Mzazi, Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo: mtoto wa mwaka mmoja hadi minne anatakiwa apate angalau dakika 180 za kujongea kila siku. Saa tatu. Na skrini kwa wa miaka miwili kwenda juu isizidi saa moja, chini ya hapo isiwepo kabisa. Hiyo ni hesabu ya mwili tu, sijagusa akili. Na kucheza ni haki imeandikwa, kifungu cha 31 cha Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, Tanzania tuliuridhia 1991.

#15 Mzazi_anayelipa

Mikataba haifui sare, mkuu. Nafua mimi.

#16 BintiNyasaka

Mzazi hapo kanipata, na mwenzenu hiyo ndiyo kesi yangu kila Ijumaa getini. Sitamwambia mama anayetoka sokoni saa kumi na mbili kwamba tope ni haki ya binadamu. Nadhani nitaomba kila mtoto alete fulana moja chakavu na kaptula, zibaki kituoni, tunavua sare asubuhi, tunavaa jioni. Fulana nafua mimi mwenyewe Jumamosi.

Na ugali wa udongo, mzazi, nikuambie kitu kimoja. Anayepika ule ugali anapima maji. Akizidisha unakuwa uji, anaongeza udongo, anakuambia "bado haujaiva". Mwenzake anamwambia "mimi nipe kubwa", wanaanza kulinganisha. Hapo pana hesabu, sema tu haijaandikwa kwenye daftari ukaiona.

#17 Mzazi_anayelipa

Ukifua wewe mimi sina neno.

#18 BabuWaUkara

Marahaba kwa watakaoniamkia.

Nimesoma wote. Mnaongea matairi, plastiki, terazo. Mko kwenye ziwa, na hakuna hata mmoja aliyetaja mtumbwi.

Mwanangu wa Nyasaka, shuka Kirumba mwaloni au Igombe, uliza mtumbwi uliochoka. Mtumbwi ukishaoza mbao za chini mwenyewe hana kazi nao, unalala mchangani mpaka wapishi wa dagaa waupasue kuni. Huo unapewa kwa bei ya kuni. Sisi tulivyokuwa wadogo Ukara tulicheza ndani ya mitumbwi iliyovunjika, nahodha mmoja, abiria mbuzi. Hakuna mchezo tuliokuwa tunaucheza siku nyingi kama ule.

Ila sikiliza. Misumari. Mbao za mtumbwi zimeshonwa kwa misumari, na ukizeeka inachungulia. Pitisha kiganja chako ndani yote, taratibu, sio macho. Unaochungulia ung'oe, usiupige urudi ndani, utachungulia tena. Lami iliyoziba nyufa ikwangue, juani inayeyuka inawaganda. Chini chimba kitanda, uukalishe mpaka robo yake iwe ardhini usiyumbe. Jaza mchanga ndani hapo mtakuwa na lile sanduku la mchanga mnalolitafuta. Usiwape nyavu, hata wakililia. Nyuzi nyembamba hizi za siku hizi zinakata vidole na zinakaba shingo. Kamba wape ile nene ya manila, fupi, isifike urefu wa kuzunguka shingo ya mtu.

Fundi asiupake oili chafu. Nasikia mnafanya hivyo kwa ajili ya mchwa. Ile sumu inahamia mikononi, mikono inahamia mdomoni.

#19 FundiCheche

Babu shikamoo. Hilo la oili chafu nakiri, tunafanya sana. Mimi nimeacha leo.

Mleta mada, kuhusu jiwe lenyewe kabla hujaliachia watoto: zunguka chini yake baada ya mvua. Angalia kama limeota kutoka ardhini au limekalia mawe mengine. Kama udongo wa upande wa chini unakatika kila masika, mwite mtu alitazame, huku milimani tunajuana. Kama limeota, ziba mashimo ya chini kwa zege, yale ya kuingia mkono, maana anayekaa humo huwa sio mjusi peke yake. Mapengo ya juu mwachie mjusi wake.

#20 BintiNyasaka

Wakuu narudi na mrejesho, samahani kwa kupotea wiki tano. Naandika kwa vipande kwa sababu mengine yamekwenda vizuri na mengine yamenichekesha.

Jiwe lipo. Limeota, mzee mmoja wa mtaani anasema kalikuta na babu yake kalikuta. Vijana wa kokoto walirudi Jumatatu, nikawaambia silipasui. Wakanikumbusha advansi hairudi, ndiyo desturi. Tukatazamana. Mmoja akauliza, "Kwani mama hutaki hata tukuchongee?" Wakachonga ngazi nne upande wa mteremko, fupi, kimo cha goti la mtoto wa miaka mitatu, na mahali pa kushika. Siku mbili tindo na nyundo. Kazi nzuri mpaka wenyewe wakapiga picha. Juu kabisa jiwe lina kimo cha kifua changu upande wa barabarani, huko nimezuia kwa ukuta mdogo wa matofali, na pale chini ya ngazi kuna mchanga wa sentimita 30 kama nilivyoelekezwa. Mlezi mmoja hakai chini watoto wakiwa juu. Saa tano jiwe linafungwa, maana linakuwa la moto, na linafunguliwa tena saa kumi.

Terazo. Fundi wa kwanza alikataa, akasema hajawahi kusikia mtu anatandaza terazo kwenye udongo wa nje kwa ajili ya makalio. Wa pili alikubali. Kasugua vizuri ila hakulaza mwisho, akaishia na mteremko. Mtoto wa kwanza aliruka kama samaki akatua mchangani mbali, akacheka, akasema tena. Nikafunga siku hiyo hiyo, fundi akarudi kuongeza nusu mita ya kulala. Watoto wanalalamika kwamba wa kwanza ulikuwa mzuri zaidi.

Mchanga. Hapa nilikula hasara. Nilimwaga tipa nzima, nikapanga vizuri, mvua ya kwanza ya vuli ikapiga usiku na asubuhi mchanga wote ulikuwa barabarani, bodaboda wanateleza juu ya hela yangu. Hakuna aliyenionya, ninyi nyote mabingwa! Nikawaita tena vijana wa kokoto, wakapanga mawe mistari miwili kukingama na mteremko, kama matuta ya viazi, na mfereji mdogo pembeni wa kutolea maji. Mvua ya pili mchanga ulibaki. Kwa hiyo mwenye uwanja wa mlimani aanze na maji yanapita wapi, ndipo anunue mchanga.

Mtumbwi. Babu, ulikuwa na haki. Niliupata Igombe, bei ya kuni kweli, usafiri ndio uliniumiza. Nilipitisha kiganja kama ulivyosema, nikatoa misumari kumi na moja niliyokuwa sijaiona kwa macho. Wa kumi na mbili alinipata mimi, kidole gumba, nikaenda kuchomwa sindano ya pepopunda. Umekaa chini ya mwembe, robo yake ardhini, turubai usiku.

Sikutarajia watakachoufanyia. Nilidhani watavua samaki. Siku ya kwanza ulikuwa daladala ya Buhongwa, konda anapiga ubavu, "shusha, shusha". Siku ya pili hospitali. Wiki ya tatu ndiyo ukawa mtumbwi, na aliyeufanya mtumbwi ni yule wa mjusi. Alisimama mbele kabisa na kipande cha bomba, akasema, "Kaeni, kuna mawimbi." Neno refu kuliko yote niliyowahi kumsikia. Wakakaa wote.

#21 BabuWaUkara

Nahodha hasimami mbele. Mbele anakaa wa kuangalia mawe. Mwambie arudi nyuma kwenye kasia.

#22 NesiMstaafu

Sindano ulichoma, vizuri. Na paka?

#23 BintiNyasaka

Babu nimemwambia. Kasema yeye ndiye anaangalia mawe, nahodha ni mwenzake.

Mama nesi, paka wapo wawili, wanalala juu ya turubai. Chini hawajaingia bado.

#24 BabaKiseke

Dada picha iko wapi? Na namba ya ukubwa wa huo mtumbwi, nina kiwanja nyuma ya banda la kuku.

#25 BintiNyasaka

Hatua tano na nusu kwa moja na robo. Picha kesho, umeme ukirudi. Uje na gari kubwa, ule wako wa plastiki nauchukua, mlezi wangu anataka kukata vipande vya kupandia mchicha.